Jumatatu za Mwalimu Luhende

Mwalimu Luhende Bujiku alikuja shuleni kwetu mwezi wa kwanza, akiwa na begi la mgongoni na rula ndefu ya mbao aliyoichonga mwenyewe. Alikuwa amefundisha hisabati miaka kumi na miwili katika shule ndogo ya kanisa huko kwao Kasoli, kwa Kiswahili, mpaka shule ile ilipofungwa. Ya kwetu ni shule ya binafsi ya mchepuo wa Kiingereza, hapa Bariadi mjini. Mimi nafundisha sayansi. Naitwa Esteria. Meza yangu na yake zilikuwa zimegusana, na haya ninayoyasimulia mengine niliyaona, mengine alikuja kunieleza mwenyewe baadaye, na machache nimeyapata kwa shemeji yake.

Ubaoni alikuwa hana mpinzani. Alichora duara kwa mkono mtupu, akalifunga palepale alipoanzia, na watoto wa darasa la tano wakapiga makofi. Kiingereza cha hisabati kilimtosha, maana ni maneno yaleyale kila siku. Shida yake ilikuwa nje ya darasa. Ukimsalimia kwa Kiingereza koridoni alikuwa anasimama kabisa, anaweka vitabu chini, anafikiri, ndipo anajibu.

Na shuleni kwetu huwezi kukikwepa. Mkuu wa shule, Madam Mektilda, aliweka sheria kwamba ukishapita geti ni Kiingereza tu, mwalimu kwa mwanafunzi, mwalimu kwa mwalimu. Hata Mwalimu Shija, ambaye anafundisha Kiswahili, akitoka darasani kwake anabadilisha. Sheria hiyo Madam hakuipenda kuliko sisi. Mzazi mmoja alimsikia mwalimu akimwita mtoto kwa Kisukuma, akaja ofisini akapiga kelele mpaka wapishi wakasikia. Kuanzia siku hiyo Madam akawa mkali. Kisha akaenda semina, akarudi na jambo jipya: kila Jumatatu saa nne, wakati wa chai, kila mwalimu aseme kwa Kiingereza wikiendi yake ilikuwaje. Alisema lugha inakaa mdomoni kwa mazungumzo mepesi.

Kwetu wengine yalikuwa mepesi kweli. Danford, kijana wa jiografia aliyesoma Arusha, alikuwa anasema aliangalia mpira, timu yake imefungwa. Mimi nilikuwa nasema nimefua, nimekwenda kanisani, nimepumzika. Shija alikuwa anasema kama mimi, ila anatanguliza kanisa. Dakika kumi zimekwisha, tunarudi darasani.

Jumatatu ya kwanza ya Mwalimu Luhende ilipofika zamu yake, alisimama. Hakuna mtu anayesimama kwenye chai, lakini yeye alisimama, akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"On Saturday," alisema, "I was washing my wife."

Yaani Jumamosi alikuwa anamwosha mke wake. Chumba kizima kikalipuka kwa kicheko. Danford alipiga meza. Mimi nilicheka mpaka chai ikanitoka puani. Madam Mektilda naye alicheka, ingawa kwa huruma, akamrekebisha kama anavyorekebisha watoto: "You mean your wife was washing. Washing clothes."

Luhende alimtazama Madam muda kidogo. Niliona midomo yake ikifunguka na kufungika.

"Yes, madam," akasema. "Washing clothes."

Akakaa. Chai yake hakuimaliza.

Hakuna aliyejua kwamba sentensi ile haikuwa na kosa hata moja.

Mke wake aliitwa Kabula. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na saratani ya mlango wa kizazi. Ilipogundulika alikuwa amekwisha kutokwa damu miezi saba, akidhani ni mambo ya kawaida ya wanawake. Alipangiwa mionzi Mwanza, na kwa kuwa Kasoli ni mbali, walimhamishia Nyashimo kwa mdogo wake Flora, ambaye anauza mchele kando ya barabara kuu. Kutoka pale kwenda Mwanza hakuna kubadilisha gari. Mtoto wao, Milembe, alibaki Kasoli kwa bibi yake. Luhende alipanga chumba Bariadi. Kila Ijumaa akimaliza kipindi cha mwisho alikwenda Nyashimo, na kila Jumapili jioni alirudi.

Siku za kawaida Flora alimfuta dada yake kwa kitambaa, harakaharaka, maana ana biashara na watoto. Lakini kuoshwa hasa, kuoshwa mwili mzima, kubadilishiwa vitambaa na kupakwa mafuta, Kabula alimsubiri mume wake. Hakutaka mdogo wake aione hali ile kwa karibu, wala hakutaka asikie harufu yake. "Wewe umeshanizoea," alimwambia Luhende. Basi Jumamosi asubuhi Luhende alichemsha maji, akafunga mlango, akamwosha mke wake. Hiyo ndiyo ilikuwa wikiendi yake. Aliitafuta kwenye kamusi Jumapili nzima, akaipanga vizuri, akaja kutueleza.

Unaweza kuuliza kwa nini hakutuita pembeni akatueleza kwa Kiswahili, nje ya geti. Nilimuuliza hilo. Alisema baada ya kucheka kule aliona aibu, siyo ya Kiingereza, bali ya Kabula. Aliona kama amemvua nguo mke wake mbele ya watu na watu wamecheka.

Danford si mtu mbaya. Jioni ileile alimpa kitabu cha zamani cha Kiingereza cha wanafunzi, kimeraruka jalada, chenye sura nzima ya mambo ya mwisho wa wiki. Luhende alikikariri. Jumatatu ya pili alisimama tena, akasema bila kukwama kwamba Jumamosi alikwenda ziwani na familia yake, wakaogelea, wakala samaki, na hali ya hewa ilikuwa nzuri.

Tulimpigia makofi. Madam alisema, "Very good, Mr. Luhende!" na uso wake uling'aa kweli.

Ijumaa alipofika Nyashimo alimweleza Kabula. Alitaka kujishtaki, kwamba amesema uongo kazini kwa kutumia jina lake. Kabula akamwambia alirudie neno kwa neno, kwanza Kiingereza chake, kisha amweleze kwa Kisukuma. Alipofika kwenye kuogelea Kabula akaanza kucheka. Alikuwa hajacheka tangu Krismasi.

"Tulikula samaki gani?" akauliza.

"Kitabu hakikusema."

"Sema sangara. Wa kukaanga. Na mimi nilivaa nini?"

"Kabula, watu hawaelezi nguo."

"Waeleze. Nilivaa gauni la kijani, lile la harusi ya Flora. Sasa wiki hii tunakwenda wapi, Baba Milembe?"

Wakaendelea hivyo. Kila Jumamosi, akishaoshwa na kulala upande wa kushoto, ule usiomuuma sana, Kabula alipanga wikiendi. Luhende aliandika kwenye daftari la hisabati lenye miraba, akatafuta maneno, akafanya mazoezi kwa sauti njia nzima ya kurudi, mpaka abiria wenzake wakamdhania anasali. Walikwenda kuona tembo Serengeti, kwa geti la Ndabaka, ambalo liko jirani na pale na ambalo Kabula alilisikia maisha yake yote bila kuingia. Walikwenda kwenye harusi huko Magu. Walitembelewa na wageni kutoka Shinyanga, Kabula akawapikia wali na kuku wawili. Siku moja walikodi mtumbwi Kalemela, na Milembe akaogopa, na Kabula akamshika mkono. Hiyo ya mtumbwi Luhende aliieleza vizuri mno. Nakumbuka Madam aliacha kunywa chai akawa anasikiliza tu.

Kiingereza chake kikapanda. Kufikia mwezi wa tano alikuwa hasimami tena, anasema akiwa amekaa, hata na utani kidogo. Sisi tukamwonea wivu. Mimi nilifika nyumbani nikamwambia mume wangu, "Kuna mwalimu pale kazini, Msukuma kama wewe, kila wiki anamtoa mke wake. Wewe ulinitoa lini?" Tuliozoeana tulisema huyo mwanamke lazima ni mzuri sana, ndiyo maana hatujaletewa tumwone.

Dalili zilikuwepo. Jumatatu mikono yake ilinuka dawa ya kuulia vijidudu. Mkanda wake uliongezwa tundu, kisha jingine. Mara mbili nilimkuta amelala juu ya madaftari, mdomo wazi, kalamu nyekundu imechora mstari kwenye shavu. Nilimwamsha nikamtania kwa Kiingereza kwamba starehe zimemchosha. Alicheka pamoja nami.

Mwezi wa sita mionzi ilikwisha, na mwezi wa saba madaktari wakawaambia warudi nyumbani. Hawakusema kwa ukali. Walimpa Luhende chupa ya dawa ya maumivu ya kunywa, wakamwonyesha kipimo, wakamwambia akiona haitoshi arudi aongezewe. Akauliza atampa mpaka lini. Daktari alimshika bega, akasema ampe tu, asimwache aumie. Luhende ni mtu wa namba. Alisubiri namba. Daktari hakumpa, naye akaelewa.

Kuanzia hapo Kabula hakusimama tena. Alipungua mpaka Luhende akawa anambeba kwa mkono mmoja huku mwingine ukinyoosha shuka. Maumivu yalipomshika aling'ata kona ya mto, kwa sababu ukuta wa chumba ulitazamana na banda la mchele na hakutaka wateja wa Flora wasikie. Dawa ilimtuliza saa chache. Luhende alikaa kitandani akitazama saa ya simu, akihesabu dakika zilizobaki kabla ya kipimo kingine, na dakika hizo, alivyoniambia, zilikuwa ndefu kuliko miaka yote kumi na miwili ya Kasoli. Alitaka kuacha kazi. Kabula akakataa. Alisema akiacha kazi watakuwa wawili wanaosubiri.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane hakupanga kitu. Luhende alimwosha, akamlaza, akafungua daftari, akasubiri. Kabula alikuwa amefumba macho.

"Wiki hii," akasema mwisho, "waambie mvua ilinyesha tukakaa ndani."

"Mvua, mwezi wa nane?"

"Watajuaje kama Nyashimo ilinyesha?"

Jumatatu alituambia hivyo, kwamba mvua ilinyesha wakakaa ndani. Ardhi yote ya Simiyu ilikuwa imepasuka kwa ukame, pamba imeshavunwa, vumbi mpaka kwenye vikombe vya chai. Sisi tukasema, oh, you are lucky! Mna bahati! Shija akaomba mvua hiyo itumwe na Bariadi. Luhende akaitikia, akaosha kikombe chake, akaenda darasani.

Jumatatu iliyofuata, ya kwanza mwezi wa tisa, alisema walipata wageni tena. Alisema haraka, kwa maneno ya zamani ya wageni wa Shinyanga, bila kubadilisha hata kuku. Hatukugundua.

Kesho yake, Jumanne, ilikuwa imebaki wiki moja mtihani wa darasa la saba. Simu zetu zinakaa kwenye boksi ofisini kwa Madam wakati wa vipindi. Ya Luhende ililia, ikakata, ikalia tena, mpaka Madam akamtuma mtu amwite aje aizime. Mimi nilikuwa mlangoni na maandalio yangu ya somo, nasubiri yasainiwe. Mle ndani walikuwa wamekaa wazazi wawili, mwanamume na mwanamke, waliokuja kuulizia nafasi ya mtoto.

Luhende alichukua simu yake, akasoma ujumbe. Flora alikuwa ameandika maneno matatu: Shemeji njoo leo. Aliyasoma mara nyingi, nafikiri, maana alisimama pale muda mrefu kuliko maneno matatu.

Kisha akasema kwa Kiingereza kwamba anaomba ruhusa. Mke wake anaumwa.

Madam aliwatupia macho wale wageni, akatabasamu. Alimjibu kwa Kiingereza laini, kile cha mbele ya wazazi. Anaumwa? Mbona jana umetuambia Jumapili alipika kwa ajili ya wageni?

"She is very sick, madam."

Pole sana, alisema Madam. Basi aende hospitali, na wewe utakwenda Ijumaa, tukimaliza marudio ya darasa la saba. Unajua wiki hii ilivyo, Mr. Luhende. Umepumzika vizuri mwaka huu kuliko sisi wote.

Nilimwona akitafuta. Ilikuwa ni miezi minane ya Kiingereza, ya ziwa na tembo na harusi, na ndani yake hakuna neno hata moja la kitu hiki. Akachukua la Kiswahili, amekwisha, anakwisha, akaligeuza kadiri alivyoweza.

"Madam, she is finishing."

Yule mama mgeni akainamisha kichwa kuficha tabasamu. Na Madam, kwa mazoea tu, Mungu amsamehe, akauliza, "Finishing what?"

Hapo Luhende akaacha Kiingereza. Hakwenda kwenye Kiswahili pia. Alizungumza Kisukuma, cha Kasoli, kile cha nyumbani, na sauti iliyotoka sikuwahi kuisikia kwake, nene na ya chini.

"Mayu," alimwita, mama, "mke wangu anakufa. Sikumpeleka ziwani. Sikumpeleka popote. Ana saratani, hajasimama tangu mwezi wa saba, amelala Nyashimo kwenye chumba cha mdogo wake. Hakuna wageni waliokuja. Kila Jumamosi nilikuwa namwosha. Nilisema hapa siku ya kwanza, namwosha mke wangu, mkacheka."

Maandalio yalinidondoka mkononi. Yule mama mgeni aliacha kutabasamu. Naye alikuwa Msukuma. Mume wake alitazama sakafu.

Madam Mektilda ni mzaliwa wa Kasoli, ng'ambo tu ya kwa kina Luhende. Miaka minne niliyofanya naye kazi sijawahi kumsikia akitamka neno la Kisukuma, hata kwa mzee aliyeleta kuni. Alisimama. Alishika kingo za meza. Nilidhani atazungumza maneno mengi, lakini alisema, kwa Kisukuma, "Nenda, baba. Nenda sasa hivi."

Danford alimpeleka kwa pikipiki yake. Hawakusubiri gari. Barabara ni ya lami mpaka Lamadi, halafu unashika barabara kuu ya Mwanza mpaka Nyashimo. Danford alikimbiza njia nzima. Anasema Luhende alimshika kiunoni kwa nguvu kama mtoto. Walipofika Flora alikuwa amesimama nje, banda la mchele limefungwa mchana. Danford aliingia mpaka mlango wa chumba. Aliona godoro, nailoni chini yake, ndoo, na mtu mdogo sana. Alirudi Bariadi jioni ile akaja moja kwa moja kwangu, akakaa kwenye ngazi, akasema, "Mwalimu Esteria, mimi ndiye nilimpa kile kitabu."

Kabula alikuwa hai bado. Jumanne yote alikuwa anapumua tu, macho nusu wazi, hasikii. Luhende alimlowanisha midomo kwa kijiko. Jumatano asubuhi akazinduka, akamtazama, akamtambua.

"Leo ni Jumamosi?" akauliza.

Luhende akatazama mlango, ambako Flora alikuwa amesimama na kanga mdomoni.

"Ndiyo," akasema. "Ni Jumamosi."

"Basi nioshe."

Akachemsha maji, akafunga mlango. Alimwosha polepole, maana mahali pengi palikuwa hapagusiki tena. Alimbadilisha, akampaka mafuta miguu na mikono na uso. Anasema alikuwa anazungumza naye muda wote huo, lakini alipoulizwa alizungumza nini hakukumbuka. Alipomaliza, Kabula alikuwa ameshalala. Hakuzinduka tena. Alifariki Alhamisi, adhuhuri, Flora akiwa amemshika mguu na Luhende kichwa.

Walimzika Kasoli Jumamosi. Tulikwenda wote na basi la shule. Kwenye basi lile, nje ya geti, tungeweza kuzungumza lugha yoyote, na hakuna aliyezungumza. Mashamba ya pamba pande zote yalikuwa matupu, mabua yameng'olewa na kukusanywa kwa ajili ya kuchomwa. Tulimkuta Luhende amekaa kwenye mkeka na wanaume wa ukoo. Milembe alikuwa amelala mapajani kwa bibi yake, mkubwa kiasi kwamba miguu ilifika chini.

Madam Mektilda alivua viatu, akapiga goti, akawasalimu wazee kwa Kisukuma mmoja mmoja, akataja jina la baba yake ili wamjue. Kisha akaenda nyuma kwa wanawake, akajitwika ndoo, akachota maji mpaka tulipoitwa kwenye kaburi. Wakati wa kuondoka alimpa mkono Luhende.

"Wabeja, mayu," Luhende akamwambia. Asante, mama. Akageukia mtu mwingine aliyekuwa anasubiri kumpa pole.

Luhende alirudi kazini baada ya siku kumi. Darasa la saba lilikuwa limeshafanya mtihani; Danford na Shija walimalizia marudio ya hisabati kwa kusoma kwenye daftari lake la miraba, aliloliacha mezani, kurasa za mwanzo zenye maswali, kabla hazijaanza wikiendi za Kabula. Jumatatu ile saa nne tuliingia kunywa chai. Madam hakuja. Hakuna aliyeuliza kitu. Tulitazama vikombe, tukasikia vijiko, kengele ikalia. Jumatatu iliyofuata ikawa hivyohivyo. Tangazo halikutoka, lakini mambo ya wikiendi yalikufa hapo, na sheria ya Kiingereza getini ipo mpaka leo.

Nilitaka kumwomba msamaha. Nilimsubiri siku moja nje ya geti, nikamwambia kwa Kiswahili, "Mwalimu, siku ile ya kwanza mimi nilicheka."

"Nilikuona," akajibu.

Tukatembea pamoja mpaka njia zinapoachana, ndipo akaanza kunieleza, kidogokidogo, siku ile na siku nyingine, haya ya Kabula na daftari. Nafikiri alihitaji mtu amsikie tu. Sidhani kama nilisamehewa.

Kilichompata baadaye hakuwa amekitarajia. Alifikiri zitamshinda Jumatatu. Zilizomshinda ni Jumamosi. Miezi minane Jumamosi ilikuwa na kazi: maji, vitambaa, mafuta, saa ya dawa. Sasa aliamka kwenye chumba chake cha Bariadi saa kumi na moja alfajiri, mwenyewe, bila kengele, akakaa kitandani na viatu vimeshavaliwa. Alikwenda Kasoli kumwona Milembe, lakini Milembe alikuwa anacheza na binamu zake, na bibi yake alimwambia amwache acheze. Mwezi wa kumi na moja, Jumamosi moja, miguu ilimpeleka stendi akapanda gari la Lamadi. Akashuka Nyashimo.

Flora alikuwa bandani. Alimwona akija, akafuta mikono.

"Shemeji. Kuna nini?"

"Hakuna."

"Milembe mzima?"

"Mzima."

"Sasa umekuja kufanya nini?"

Luhende alisimama pale kwenye jua. Akauliza kama anaweza kuingia ndani. Flora akamwambia aingie. Chumba kilikuwa kimejaa magunia ya mchele mpaka dirishani. Godoro walilichoma wiki ya msiba, kama ilivyotakiwa. Palibaki nafasi ya mtu mmoja kusimama. Akasimama hapo.

Flora hakumfuata. Baada ya muda alimletea ungo wenye mchele na kigoda, akaviweka mlangoni, akarudi kwa mteja aliyekuwa anamwita. Luhende akakaa, akaanza kutoa mawe.